Ulipoingia Pale, Uliona Lori Hata Moja?

Leo hakuna video ya kuchekesha. Leo naandika, kwa sababu hii stori nikiisimulia mbele ya kamera nitaanza kuifanyia utani, na si ya utani. Ni stori ya elfu tano za mathe.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Sikufukuzwa, sikufeli. Karo ilinishinda, nikasema nitarudi muhula ujao, na huo muhula ujao umekuwa miaka mitatu sasa. Hizi video zimenipa jina mtaani lakini hazilipi nyumba. Mwezi ukiwa mzuri zinalipa stima na bando. Mwezi ukiwa mbaya, mimi ndiye nalipia bando ili niwaonyeshe niko sawa.

Kwa nini lori? Anko wangu, kakake mathe, ameendesha traila kati ya Mombasa na Malaba miaka 19. Nikiwa mdogo alikuwa akipita kwetu na mabuyu kwenye karatasi, ananibeba juu hadi kwenye kiti, ananiacha nishike usukani gari likiwa limezimwa. Nilipofika miaka 19 ndiye aliyenilipia leseni ya daraja B. Kwa hivyo nilipoona tangazo kwenye simu, "Madereva wapya wa malori wanahitajika, hakuna uzoefu, utalipwa ukifunzwa, mshahara 45,000", sikuona tangazo. Niliona kile kiti.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, Nairobi. Jina lake silitaji, na siku hizi hata sijui kama lilikuwa jina la ukweli. Kwenye benchi tulikuwa vijana 12, kila mtu na bahasha yake ya kaki. Jamaa wa tai akaniambia nimepita, kilichobaki ni 17,500 ya sare, vipimo vya hospitali na ada ya mafunzo. Nikamuuliza, "Si mlisema mafunzo yanalipwa?" Akacheka kama mtu aliyeulizwa hilo swali asubuhi nzima. "Utarudishiwa kwa mshahara wa kwanza, bosi wangu. Weka elfu tano ushikilie nafasi. Umeona wenyewe wako wangapi hapo nje."

Nikampigia mathe. Nikamwambia, "Mama, nimepata kazi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bwana asifiwe." Elfu tano ilitoka kwenye pesa za chama. Ilikuwa zamu yake, na alikuwa amepanga kununua mabati ya jikoni. Iliingia kwa M-Pesa kabla sijamaliza kunywa maji.

Wiki mbili baadaye ile namba ilikuwa imezimwa. Nikarudi ghorofa ya tatu, nikapata dada anauza wigi.

Nilimpigia anko nikijua nitapigwa kelele. Hakupiga. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, ulipoingia pale, uliona lori hata moja?"

Wasee, sikuwa nimeona hata tairi.

Sasa hapa ndipo nataka tuongee vizuri, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii akiwa na bahasha yake kwa mkono. Anko aliniambia niache kutafuta kazi ya lori kwenye simu, niende mahali malori yanalala. Nikaenda Mlolongo siku tatu mfululizo. Nilikuwa nanunua chai, nakaa, nauliza. Madere wengine walinifukuza, wengine waliniambia ukweli. Nitawapa nilichotoka nacho.

Kwanza, hakuna mtu atakutoa nyumbani leo akupe traila kesho. Leseni zetu zinapandwa kama ngazi. Kuna C1 ya malori madogo, kuna C, halafu ndio CE ya lori zito lenye trela. NTSA inaangalia umri na muda uliokaa kwenye daraja la chini. Na kuna sababu. Gari lililojaa kabisa linaruhusiwa hadi tani 56 kwenye barabara za Afrika Mashariki. Mzee mmoja aliniambia, "Hizo tani haziendeshwi, zinabembelezwa. Ukishuka Salgaa umeweka fri ili uokoe mafuta, breki zikipata moto huwezi kuzibembeleza tena." Kwa hivyo tangazo likikuambia traila bila uzoefu ndani ya wiki mbili, hapo hakuna kazi. Wewe ndiye bidhaa.

Pili, mafunzo ya kulipwa yako Kenya tangu zamani, ila hayaitwi mafunzo. Yanaitwa tanboi. Madere wote wa umri mkubwa niliowauliza walianzia hapo: unafunga turubai, unabadilisha tairi, unalinda mzigo usiku, unaamka dere akiamka. Unalipwa kidogo, na usukani unafundishwa kama zawadi, usiku, barabara ikiwa tupu, dere akiwa amechoka. Nilikutana na tanboi wa rika langu aliyekaa miaka minne hivyo. Anajua gia zote, anajua kurudisha trela nyuma kwenye geti jembamba. Leseni hana. Nikamuuliza akigonga mtu itakuwaje. Akaniambia, "Mimi hukimbia, kwani nitasema nani alinipa gari?"

Hilo jibu lilinikaa kifuani siku nzima. Kampuni inapata dereva wa pili kwa bei ya mbeba turubai. Dere anapata usingizi. Kijana anapata ujuzi ambao hawezi kuuonyesha mtu yeyote kwa karatasi, na siku mambo yakiharibika anabaki peke yake. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa kila saa 24. Sasa jiulize, Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, lori haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, kuna mizani, kuna foleni, na mwenye mzigo anapiga simu kila dakika. Zile saa zinazozidi zinaendeshwa na nani? Mara nyingine ni huyo kijana asiye na leseni. Yaani mafunzo ya bure tunayojivunia, mengine ni usingizi wa mtu mwingine.

Najua mtaniambia, "Lakini Marekani kampuni zinakulipia." Ni kweli, nimetazama hizo video za Wakenya wenzetu kule hadi saa tisa usiku. Leseni ya malori kule inaitwa CDL, na kampuni kadhaa kubwa zinalipia wapya mafunzo, nyingine zinakupa hela kidogo ukiwa bado unajifunza. Lakini sikiliza hadi mwisho wa video. Unasaini kuwafanyia kazi kwa muda fulani, mara nyingi kama mwaka mmoja, na ukiondoka mapema unadaiwa ile karo. Wengine hujuta. Hata hivyo kuna kitu kimoja nakipenda pale: deni limeandikwa. Unajua ni kiasi gani, linaisha lini, na unadaiwa na nani. Tena tangu Februari 2022 serikali yao inataka anayetafuta hiyo leseni kwa mara ya kwanza afunzwe na mkufunzi aliyesajiliwa. Na kabla hujaniuliza: anayekuambia ulipe laki moja akupeleke ukaendeshe kule, mwulize kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha uhakikishe mwenyewe.

Sisi pia hatujakosa sheria, tumekosa kuzitaja mlangoni. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kwa hivyo "wewe bado unajifunza" si sababu ya kukuweka miezi bila mshahara. Mkataba wa miezi 3 au zaidi unatakiwa uandikwe. Wakikukata mshahara, makato yote kwa pamoja hayafai kuzidi theluthi mbili. Na hii wengi hatuijui: kila mwajiri anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, unaokwenda NITA, na akifundisha watu wake kwa njia inayokubaliwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Kwa hivyo bosi akikuambia kukufundisha ni hasara tupu, kwa heshima kabisa, mwulize kama amewahi kudai.

Sasa maswali niliyoanza kubeba badala ya bahasha:

Malori yako wapi, naweza kuyaona? Nikiwa najifunza nitalipwa ngapi, na itaandikwa? Nani atanifunza, na je, ana nafasi ya kulala au mimi ndio nafasi yake ya kulala? Leseni ya daraja linalofuata nitalipia mimi au nyinyi, na mkilipa nyinyi mtakata ngapi kwa mwezi? Nikitoka kabla ya muda, nitadaiwa nini hasa?

Niliyauliza kwenye yadi tisa. Nne hawakunifungulia geti. Mbili walisema wanachukua tanboi tu, usukani tutaona. Moja wanachukua watu wenye CE tayari, wanawaweka kando ya dereva mzoefu kwa miezi kadhaa na mshahara juu, na nilifurahi kujua hiyo ipo, ingawa si ya mtu kama mimi leo. Moja waliomba "kitu kidogo cha faili". Nikashukuru, nikatoka.

Ya tisa ni yadi ndogo huko Athi River. Magari 14, mengi ni Canter, yanabeba unga na mchele kupeleka Machakos na Kitui. Mwenyewe ni mama wa makamo. Alisikiliza maswali yangu yote matano huku akihesabu risiti, kisha akasema, "Kijana wangu, wewe unanihoji mimi?" Nikasema, "Samahani, mama. Nilishawahi kulipa mahali ambapo sikuuliza." Akaweka risiti chini.

Tulikubaliana hivi. Ninaanza kama mpakiaji, 15,000 kwa mwezi. Analipa shule ya udereva ya C1 na mtihani, ananikata 2,000 kila mwezi hadi iishe. Nikitoka kabla ya mwaka, namalizia kilichobaki, si zaidi. Jumamosi mchana nafanya mazoezi ndani ya yadi na dereva wake wa zamani, na hizo saa zinahesabiwa kazi. Usukani wa barabarani sigusi hadi niwe na karatasi. Iko kwenye kurasa mbili, nimesaini, amesaini, nina nakala. Nilimsomea anko kwa simu neno kwa neno. Akasema, "Hiyo ya usukani nani aliweka?" Nikamwambia ni yeye mwenyewe yule mama. Akasema, "Basi kaa hapo."

Si 45,000. Mgongo unaniuma, na unga wa kilo 50 hauna huruma na mtu aliyezoea kubeba simu. Kutoka hapa hadi kile kiti cha traila ni miaka, na najua kuna watu watakuja kwenye komenti kusema nimejishusha. Sawa. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo, kuna mtu anayenifundisha kitu na najua deni langu ni ngapi.

Deni ambalo halijaandikwa popote ni lile la mathe. Nilikuwa nimemwambia kampuni ilifunga na itarudisha pesa. Yeye hasomi hizi posti, lakini dada yangu anazisoma, kwa hivyo kufikia jioni atakuwa anajua. Mama, hawakurudisha. Hawatarudisha. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa Ijumaa, na kwenye simu yako utaona 2,500. Nyingine ni mwezi ujao. Nunua mabati.

Na wewe wa bahasha, kabla hujatuma hata bob moja, angalia dirishani. Kama huoni malori, rudi nyumbani na nauli yako. Kama uko kwenye yadi inayofundisha watu kwa haki, niandikie ni mji gani na wanataka daraja gani la leseni. Kuna vijana 11 niliowaacha kwenye lile benchi, na sijui walienda wapi.