Bodi Naiona, Kuishika Siwezi

Zilibaki siku tatu niwasilishe projekti ya mwaka wa mwisho. Kifaa changu cha kupima unyevu wa udongo kilikuwa tayari, bado kupakia programu tu kwenye bodi. Tatizo, programu ya kupakilia ilikuwa ya Windows, na kompyuta za maabara yetu zote ni Ubuntu. Sikutishika. Nikafungua VirtualBox, ile kompyuta ndani ya kompyuta, na Windows ikawaka humo safi kabisa.

Nikachomeka bodi. Nikaandika lsusb: ipo. Nikaingia kwenye menyu ya USB ya VirtualBox: hamna kitu. Nikabadilisha waya, nikahamia kompyuta nyingine, nikarudi. Hamna.

Rafiki yangu mmoja, mjuzi wa njia za panya, akaninong'oneza paswedi ya akaunti ya msimamizi. "Ingia na hiyo, dakika mbili umemaliza." Nikaingia. Kufungua VirtualBox, orodha tupu; hata ile Windows yangu haimo! Jasho likanitoka, nikajua nimeifuta. Kumbe kila mtumiaji ana orodha yake ya mashine, na mimi saa hiyo nilikuwa nimevaa jina la mtu mwingine.

Kugeuka, mtaalamu wa maabara kasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo akaunti umeipata wapi?"

Nikasema ukweli, ila jina la rafiki nikalimeza. Hakufoka. Akavuta kiti.

"Mwanangu, mwenye ruhusa ya kushika USB moja kwa moja anaweza kusoma flashi ya mwenzake iliyochomekwa hapa, au kumnyang'anya katikati ya kazi. Ndiyo maana hatugawi ovyo. Lakini wewe hukuhitaji funguo za nyumba nzima. Ulihitaji wa chumba kimoja tu."

Akaingia kwenye akaunti yake, akaandika sudo usermod -aG vboxusers, kisha jina langu. "Hiyo a usiisahau. Ukiiacha, unaingia kundi hili na kutolewa kwenye mengine yote uliyoongezwa."

Nikakimbilia VirtualBox. Bado hamna! Akacheka. "Toka kabisa, uingie upya. Kundi jipya linasomwa unapoingia." Nikatoka, nikaingia. Bodi hiyo hapo. Nikaiwekea tiki, programu ikapakiwa.

Prezentesheni ilipita salama. Paswedi ilibadilishwa siku ileile, na rafiki yangu alininunia wiki nzima. Ila kinachoniuma mpaka leo ni kitu kimoja: ruhusa niliyoitafuta kwa wizi ilikuwa ya mstari mmoja, na mlango wa ofisi ya yule mama hauko hata hatua kumi kutoka meza niliyokaa nikihangaika mchana kutwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza: ukienda kuuliza, omba kile unachokihitaji tu. Utapewa haraka.