Moli na Kangomba

Niliripoti kazini mkoani Mtwara mwanzoni mwa 2012, nikiwa na shahada ya ualimu wa sayansi kutoka Mkwawa, Iringa, begi la nguo, godoro la futi tatu na barua ya ajira iliyonitaja kwa masomo ya kemia na baiolojia. Ofisi ya elimu ikanipangia shule ya kata upande wa Kitaya, ambako ardhi inateremka kutoka uwanda wa Wamakonde hadi kwenye mabonde ya mpunga ya mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, na wapo wakulima wa huku ambao mashamba yao yako kule. Mimi ni mtu wa Kilosa. Ruvuma nilikuwa nimeiona kwenye ramani tu.

Shule za kata zilikuwa bado changa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na muda si muda wananchi wakawa wanafyatua matofali kila kata. Madarasa yakawatangulia walimu. Pengo lilizibwa na vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapigwa msasa kwa wiki chache na kupewa chaki. Mitaani wakabatizwa "voda fasta". Watu waliwacheka. Aliyenitangulia kwenye kemia alikuwa mmoja wao, na maandalio yake ya masomo niliyoyakuta ofisini yalikuwa safi kuliko yangu. Alichokosa ni kile nilichokikosa na mimi: kitu cha kumwekea mtoto mkononi.

Maabara yetu ilikuwa kabati. Ndani mlikuwa na chupa za kemikali zilizofutika majina, bureti iliyovunjika mdomo na chati ya elementi iliyoliwa na mchwa kuanzia upande wa gesi adimu. Kemia ilifundishwa kwa kuitikia. Mwalimu anauliza asidi ni nini, darasa zima linajibu kwa Kiingereza na kwa sauti moja, kama madrasa. Nyumbani watoto hao walizungumza Kimakonde, uwanjani Kiswahili, na Kiingereza kiliishi ndani ya daftari. Kidato cha tatu waliweza kuniimbia maana ya moli bila kukosea hata nukta. Nilipouliza moli inatumika kufanyia nini, walitazamana.

Njia ya kutokea niliipata kwenye korosho. Kusini, tangu 2007, korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unaingia ghalani, kisha mnada. Lakini malipo huchelewa, na njaa haisubiri mnada. Mwenye shida huuza mapema kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni anayepima kwa bakuli au kopo badala ya mizani. Mtoto gani wa darasa langu hakuwahi kumwona baba au mjomba wake akibishana juu ya bakuli?

Basi nikaenda darasani na kilo ya korosho ghafi. Wakazihesabu: mia mbili hivi. Nikauliza, gunia la kilo 80 lina korosho ngapi, na nani yuko tayari kuzihesabu moja moja? Hakujitokeza mtu. Wakapiga hesabu kwa uzito, wakapata elfu kumi na sita. "Mmehesabu kwa mizani," nikawaambia. Atomu nazo hazihesabiki kwa kidole, kwa hiyo tunazipima. Gramu 12 za kaboni zina atomu 6.02 × 10²³, na gramu 24 za magnesi zina idadi hiyo hiyo, kwa sababu kila atomu ya magnesi ina uzito maradufu wa ile ya kaboni.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, madamu, moli ni kangomba iliyokubaliwa na serikali?"

"Iliyokubaliwa na dunia nzima," nikamjibu. "Na haina lumbesa."

Walicheka, lakini baada ya siku ile nilijua nafundisha nini. Wanakijiji wa ukanda huu walishajua mabadiliko mengi ya kikemia kabla sijafika. Wanachoma mawe kupata chokaa, wanachachusha mabibo kupata uraka, na wapo wanaokwenda mbele zaidi wakatonesha pombe kali ambayo mwenyekiti wa kijiji hajui inapikwa wapi. Elimu yangu ingeongeza jambo moja juu ya ujuzi huo: kiasi gani.

Vifaa nilivitafuta Mtwara mjini kila nilipofuata mambo ya mshahara. Mrututu dukani, ambao vitabuni ni kopa salfeti. Shabu. Magadi. Siki. Maji makali ya betri gereji, ambayo ni asidi ya salfa, na sharti lake la kwanza nililiandika ukutani kwa rangi: asidi humiminwa kwenye maji, kamwe maji kwenye asidi. Sirinji za duka la dawa zikawa bureti. Choya kavu tulizoloweka kwa ajili ya juisi zikawa kionyeshi chetu. Ukitia ndimu zinazidi wekundu, ukitia maji ya majivu zinageuka kijani. Ghali kuliko vyote ilikuwa mizani ndogo ya sonara, na hiyo ndiyo niliyoifungia kabatini.

Zoezi nililolipenda lilikuwa la mrututu. Kila kundi lilipima gramu tano, likazichoma kwenye kikopo hadi buluu ikatoweka na kubaki unga mweupe, kisha likapima tena. Kwa kanuni mrututu una maji asilimia 36, kwa hiyo gramu 1.8 zinapaswa kuruka. Kundi lenye haraka lilizidisha moto likabaki na unga mweusi, na hesabu yao ikakataa. Hakukuwa na haja ya mimi kuwaambia wamekosea. Mizani iliwaambia.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na nchi ikashtuka: watahiniwa zaidi ya nusu walikuwa na sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wakati huo lilikuwepo pia agizo la Rais Kikwete, alilolitoa Novemba 2012, kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu ndani ya miaka miwili. Wananchi wakachangishwa tena, na wale wale waliofyatua matofali ya madarasa wakafyatua ya maabara. Kuta zilisimama. Bomba lilikuja bila maji. Hata hivyo meza ndefu ya saruji ni meza. Wanafunzi walisimama kuizunguka, na kemia ikaacha kuwa somo la kukaa.

Mwaka huo huo Mtwara ilichafuka kwa ajili ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikaanza kuwasha umeme wa mkoa miaka ya 2000, na sasa lilikuwa linajengwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Januari na tena Mei 2013 zikatokea ghasia na watu wakapoteza maisha. Darasani waliniuliza gesi ni ya nani. Mwalimu wa serikali akilijibu swali hilo atajikuta amehamishwa, na mwalimu wa kemia hana jibu lake kwenye kitabu. Nilijibu sehemu yangu. Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni methani. Gramu 16 za methani zikiungua hutumia gramu 64 za oksijeni, zikatoa gramu 44 za kaboni dayoksaidi na gramu 36 za mvuke wa maji. Pande mbili zikitoka sawa, gramu 80 kwa 80, hakuna kilichoibwa. Msichana mmoja akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na kila mtu: "Kwenye mlinganyo, madamu." Sikumkatalia.

Msimu wa mikorosho kutoa maua ulileta salfa. Kuanzia Juni, asubuhi umande haujakauka, mashine za kupulizia zinanguruma mashambani na unga wa njano unafunika majani kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Watafiti wanashauri gramu 250 hivi kwa mti kwa mzunguko mmoja, na mizunguko ni kadhaa. Nikauliza: salfa isiyobaki kwenye majani inakwenda wapi? Inaanguka chini, bakteria wa udongo wanaigeuza asidi. Hilo halikuwa wazo langu. Tafiti za miaka ya 1990 zilishaonyesha kwamba udongo wa kichanga wa kusini, usio na nguvu ya kujikinga, huongezeka uchachu chini ya mikorosho iliyopuliziwa mwaka hadi mwaka. Tukapiga hesabu. Gramu 250 za salfa ni karibu moli 7.8. Zikigeuka zote kuwa asidi, zinahitaji unga wa mawe ya chokaa gramu 780 hivi kuzituliza. Kwa mizunguko minne, kilo tatu na ushei kwa mti. Mzazi mmoja alikuja shuleni kuniuliza kama ni kweli nimewakataza watoto kupulizia salfa. Nikamwonyesha daftari la mwanawe. Alisoma tarakimu taratibu, akauliza mawe ya chokaa yanauzwaje.

Somo zito kuliko yote lilikuwa la muhogo mchungu. Huku unalimwa kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaufurahii, na katika ukame unasimama mahindi yanapokufa. Ukame huo huo huuongezea sumu. Kina mama wanajua kuumenya, kuukata na kuukausha kuwa makopa. Njaa ikibana wanautwanga na kuuanika haraka, wapate unga uitwao chinyanya, ugali upatikane mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo, unaohusishwa na sumu hiyo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haponi tena. Waathirika wengi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Nilimwalika bibi mmoja wa kijijini aje atufundishe usindikaji, na mimi nikaeleza kinachotokea ndani. Muhogo una linamarini katika chumba kimoja cha seli na kimeng'enya chake katika kingine. Ukiuponda, vinakutana na kutoa haidrojeni sayanidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu. Mchana wa Kitaya unatosha kuifukuza. Kopa kubwa likikauka zima, seli nyingi hazijapasuka, na sumu inabaki imejifungia. Kwa sababu hiyo Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walibuni njia ya kulowesha unga wenyewe: unachanganywa na maji, unatandazwa tabaka jembamba, unaachwa kivulini kwa saa tano, kisha unasongwa ugali siku hiyo hiyo. Njia hiyo ilijaribiwa na huku kusini. Kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 kwa kilo moja ya unga.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tunaonja. Hiyo miligramu yenu mnaionja vipi?"

"Haionjeki, bibi. Ndiyo maana tunaipima."

"Na sisi tusio na mizani?"

Swali lake lilitupa kazi ya muhula mzima. Karatasi za pikireti, zinazogeuka kutoka njano hadi kahawia mbele ya sayanidi, hatukuwa nazo. Lakini saa na unene vinapimika. Wanafunzi walitafuta vipimo vya jikoni: tabaka lisizidi upana wa ukucha wa kidole kidogo, na unga uloweshwe baada ya kupika chakula cha asubuhi ili uwe tayari alasiri. Waliviandika kwa Kiswahili na Kimakonde kwenye karatasi ya manila, tukaibandika zahanati.

Tarehe 14 Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaishambulia Kitaya. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Familia zilipanda uwandani na walichoweza kubeba, na watahiniwa wetu wa kidato cha nne, waliobakiza wiki chache kuingia kwenye mtihani, walisambaa kwa ndugu zao. Waliorudi tuliwapa daftari na sare za kuazima. Nilirudia mazoezi ya vitendo jioni kwa jioni, kwa kuwa kazi ya mikono iliwatuliza kuliko maneno yangu, na kwa kuwa mtihani ulikuwa unakuja. Wengine walifaulu. Wengine hawakuutokea, na wapo ambao hadi leo sijui waliko.

Siku hizi nafundisha shule nyingine, na walimu wapya huniuliza waanze kununua nini. Nawajibu mizani, kabla ya kemikali yoyote yenye rangi ya kuvutia. Maonyesho ya moshi na milipuko yanawafurahisha wanafunzi kwa siku mbili. Niliowafundisha kule mtoni wamo sasa katika kazi ambazo mtihani haukuzitaja: mmoja ni karani wa mizani chama cha msingi, mwingine anauza pembejeo, mwingine ni muuguzi anayegawa dozi kwa uzito wa mtoto. Yule karani alinipigia simu msimu mmoja, wakulima walipolalamika kwamba mizani ya ghala inawapunja. Hakubishana nao wala hakumtetea bosi wake. Alitafuta jiwe la kilo ishirini lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, akaliweka juu ya mizani mbele ya wote, wasome wenyewe.