Jamani, Mbwa Naye Analiliwa!

Leo sina stori ya nani kamwacha nani, wala ya mshkaji aliyefumaniwa Kinondoni. Leo nina msiba. Ndiyo, msiba wa mbwa! Na wewe unayeanza kucheka hapo kijiweni, cheka taratibu, kisha usome mpaka mwisho.

Tena sisemi hawa wanaozurura majalalani, wala yale majibwa ya getini yenye vifua kama mabaunsa. Nasema dakshundi. Kama hulijui jina usione haya, kwetu Mwananyamala nako hakuna aliyelijua. Ni mbwa mwenye miguu mifupi kama ya kigoda, kiwiliwili kirefu, na masikio yanayoning'inia kama soksi zilizoanikwa kwenye kamba. Ukimwona kwa mbali jioni unaweza kuapa kwamba ni kenge.

Asili yao ni Ujerumani. Kuna mnyama wa Ulaya anayeitwa Dachs, mchimba mashimo, ndugu wa mbali wa nyegere wetu. Hund ni mbwa. Wawindaji wa huko waliwazalisha makusudi, kizazi baada ya kizazi, wawe wafupi na wembamba ili waingie shimoni kumfuata adui mlemle. Ndiyo maana kelele zao ni kubwa kuliko umbo, maana mwindaji alitakiwa amsikie mbwa wake akiwa chini ya ardhi. Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ile ambayo John Akii-Bua wa Uganda alichukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi, na Kipchoge Keino wa Kenya akachukua ya mita 3,000 viunzi na maji, alama yake ya bahati ilikuwa dakshundi, jina lake Waldi. Hata njia ya marathoni waliichora ikafuata umbo lake. Mbwa si mchezo!

Sasa walifikaje uswahilini? Mama yangu alifanya kazi za ndani Masaki, kuanzia 2008 mpaka mwisho wa 2014, kwa mama mmoja wa Kijerumani tuliyezoea kumwita Madam. Mwaka 2010 Madam akaleta watoto wawili wa dakshundi, dume na jike. Dume akamwita Bruno, jike akamwita Heidi. Kuwanunua alinunua yeye, lakini kuwalea ni kwa Mama. Madam alikuwa mtu wa safari, leo Mbeya, kesho Tanga. Aliyewanywesha maziwa, aliyewaogesha, aliyewafundisha kutoka nje kujisaidia, ni Mama. Kijerumani walikisikia jioni tu. Mchana kutwa lugha ilikuwa Kiswahili, tena kile cha Kisongea.

Mkataba wa Madam ulipokwisha akahamishiwa nchi nyingine na mbwa hakuweza kwenda nao. Akamuuliza Mama kama anajua mtu wa kuwachukua. Mama akasema anamjua. Siku hiyo tukaona kirikuu inasimama nje, Mama anashuka na friji dogo, magodoro mawili na mbwa wawili. Watoto wa mtaa wakaacha mpira, wakaja mbio. Wazee wakawaita Ikarusi, kwa kukumbuka yale mabasi marefu ya UDA ya enzi zao. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, jina likabadilika. Bruno akikatiza tu utasikia, "Oya, pisha njia, Mwendokasi hiyo!"

Nyumba tulipanga kwa Bi Mkubwa mmoja, Mwislamu safi, mtu wa swala tano. Masharti yake yalikuwa mepesi: mbwa wasisogelee mlango wake, wasiguse ndoo yake ya udhu. Basi. Heidi alilielewa sharti hilo kuliko sisi. Alikuwa akifika kwenye ile ngazi ya Bi Mkubwa anageuka mwenyewe, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Waliishi kwa ugali na dagaa, na vichwa vya samaki Mama akienda feri. Mama alikuwa ameshafungua genge lake la mama ntilie, na alfajiri akiamka kukanda unga wa maandazi, wale wawili wanaamka naye. Hawaombi kitu. Wanakaa tu pembeni ya jiko la mkaa, mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka kuche.

Agosti 2021, asubuhi moja, Bruno akajaribu kuinuka akashindwa. Miguu ya mbele inakwenda, ya nyuma inaburuta kama gunia. Nikamfuata bwana mifugo kwa bodaboda. Yule bwana alimpapasa mgongo akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba ni ugonjwa wao. Kile kile cha urithi kinachowafanya wawe na miguu mifupi ndicho kinachofanya yale mapande laini yaliyo kati ya pingili za uti wa mgongo yakauke mapema, yakatike, yabane mishipa ya fahamu. Wataalamu wanakadiria kwamba katika kila dakshundi wanne au watano, mmoja hupatwa. Wengine hupasuliwa wakapona. Wengine hupumzishwa sehemu finyu wiki kadhaa, bila kuruka wala kupanda ngazi, na wapo wanaosimama tena.

Upasuaji wapi, bwana, kwa pesa ya maandazi? Tukachukua tenga la kuku, tukatandika kanga kuukuu, tukamweka. Bwana mifugo akamfundisha Mama kumkamua mkojo, asubuhi na jioni, maana mwenyewe hakuweza. Mama alifanya hivyo kila siku, miezi mitatu. Anatoka kwenye genge kachoka, miguu imevimba, ananawa mikono, anakwenda kwenye tenga.

Bwana mifugo alisema pia kwamba ipo sindano ya kumpumzisha, tukiamua. Mama akamjibu, "Maadamu anakula ugali wangu, mwache. Siku akiukataa nitakuita mwenyewe."

Siku hiyo ikaja Novemba. Mkojo ulikuwa umeingia uchafu, homa juu, dawa hazishiki. Mama akamwekea dagaa, Bruno akanusa, akageuza uso. Mama akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia, "Mpigie." Sindano ilipochomwa alikuwa amempakata, anamwambia maneno ya kwao Songea ambayo mimi niliyezaliwa Dar siyajui yote. Haikuchukua muda.

Sasa ndiyo kasheshe ikaanza: tunamzika wapi? Nyumba ya kupanga, uwanja wenyewe kama leso. Mdogo wangu akashauri tufukie usiku watu wakilala. Mama akang'aka! Wewe ukionekana saa nane usiku unachimba shimo kwenye nyumba ya watu, nani atakuamini kwamba ni mbwa? Kesho yake mtaa mzima utasema mnafukia tunguri, na mtoto wa jirani akiugua malaria ni nyie! Kwa hiyo ikabidi twende mchana kweupe, kwa taratibu zote. Tukamwendea Bi Mkubwa, tukamwambia na mjumbe pia.

Nilidhani Bi Mkubwa atatufukuza. Alitusikiliza mpaka mwisho, akashika tasbihi yake. Akasema wale Watu wa Pangoni waliosimuliwa katika Kurani walilala miaka mingi, na mbwa wao alikuwepo hapo mlangoni akiwa amenyoosha miguu. "Kama yeye alikumbukwa kitabuni, huyu wenu nitamnyima shimo?" Akatuonyesha mahali, chini ya mpapai nyuma ya choo, akasisitiza tuchimbe kina kirefu. Hakumgusa Bruno hata siku moja, lakini siku ile alisimama kibarazani mpaka udongo wa mwisho.

Mtaani je? Wee acha tu! "Tanga mnaanua lini?" "Arobaini tunakula pilau ya nini?" Mteja mmoja wa Mama, mtu mzima na ndevu zake, akamwambia kwamba kulilia mbwa ni mambo ya Wazungu, sisi misiba ya watu inatutosha. Mama akampa chenji yake, hakujibu.

Mimi nitamjibu leo. Kwanza, ni kweli misiba ya watu imetujaa. Lakini machozi si maji ya dumu kwamba ukimimina kwa mbwa utakosa ya kumlilia shangazi. Mama yangu mwaka huohuo alizika dada yake, akalia, akapika, akalala chini siku zote za matanga kama inavyotakiwa. Hakuna aliyepunjwa. Pili, mtu akiamshwa alfajiri na kiumbe kilekile miaka saba nyumbani kwake, ukiongeza na ile ya Masaki, halafu asubuhi moja upande wa kushoto wa jiko kukawa kutupu, unataka acheke?

Aliyetuchanganya kweli ni Babu, kule Songea. Nilipompigia simu akacheka kwanza. "Mbwa wa Mdachi!" akasema. "Hao si ndio walionyonga wazee wetu, nanyi mnawalisha dagaa?" Babu hatanii hovyo. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni zaidi ya 60 kwa siku moja pale Songea. Wamo kwenye kaburi la pamoja na kila Februari wanakumbukwa.

Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani wakati ule, yule ambaye Dar es Salaam yetu ilikuwa chini yake, alikuwa mpenzi mkubwa wa dakshundi. Aliposhindwa vita akakimbilia Uholanzi, akaishi Doorn hadi alipokufa mwaka 1941. Katika bustani ya nyumba ile, mbwa wake wana makaburi. Mmoja, Senta, ana jiwe lenye jina lake mpaka leo. Nikabaki hoi. Mbwa ana jiwe, na watu wetu waliokufa Majimaji, ambao makadirio ya chini kabisa ni 75,000 na ya juu hufika 300,000, wengi wao hawana hata kijiti kilichochomekwa ardhini kuonyesha walipo.

Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Lakini nikajiuliza, Senta ana kosa gani? Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, kule Uingereza dakshundi walichukiwa na kuteswa barabarani kwa sababu tu ya asili yao ya Kijerumani. Mbwa hakutia saini amri yoyote. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyejua kumlilia mbwa wake na asijue kuwahesabu watu wa Ungoni. Mama yangu ameweza yote mawili, na ni mjukuu wa hao hao. Nilimweleza Babu hivyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Haya, mpe pole mama yako." Wiki iliyofuata akatuma gunia la mahindi, na Babu hatumi mahindi hivihivi.

Heidi alibaki. Wiki mbili alilala kando ya lile tenga tupu, muuza karanga akipita habweki. Baadaye akahamia miguuni kwa Mama, na hapo hakutoka tena. Alikufa usingizini mwaka 2023, mzee wa miaka 13. Yuko chini ya mpapai uleule.

Safari hii Mama alilia kwa sauti. Usiku nikamkuta amekaa kitandani akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Akasema, "Hawa ndio pekee walionijua kule." Sikuelewa mara moja. Miaka sita ya maisha yake ilibaki Masaki, anafua, anapiga pasi, anapika vyakula asivyovila. Sisi tulikuwa shule, Madam alikuwa safarini. Walioiona ile miaka, siku hadi siku, ni Bruno na Heidi tu, na sasa hakuna wa kushuhudia.

Tulimpa Madam taarifa kwa WhatsApp. Akatuma pole ndefu, na picha ya zamani: Bruno na Heidi wadogo kama viatu, wamelala barazani Masaki. Pembeni unaona gauni la bluu na miguu miwili ya mtu aliyesimama. Kichwa hakimo, picha imekatia kiunoni. Mama akaitazama sana, akacheka. "Miguu yangu hiyo," akasema. Nikaenda kuisafishisha mjini, nikaweka fremu. Iko ukutani, karibu na kalenda. Mgeni akiuliza hao ni nani, Mama anaanza na mbwa, halafu anaweka kidole kwenye lile gauni.

Haya, wapenzi, kwa leo naishia hapa. Wewe mwenye mbwa, awe dakshundi au koko, mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, usingoje amng'ate mtoto wa watu. Na jirani yako akifiwa na mbwa, usimuulize pilau. Mwambie pole, uendelee na safari zako. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, na nawaahidi stori ya mapenzi!