Njia ya Mwongo Ilifika Lubumbashi

Nimetembeza wageni Fort Jesus kwa miaka kumi na mmoja. Miwili kati ya hiyo nilisema uongo nikijua kuwa ni uongo. Leo nautapika.

Uongo wenyewe ulikuwa mtamu. Nilikuwa nikiwasimamisha wageni juu ya ukuta unaotazama bahari, nawaonyesha maji ya kuingilia Bandari ya Kale, kisha nasema: hapo chini imelala merikebu ambayo Sultani Yusuf aliwapokonya Wareno. Alikimbia nayo, akafanya uharamia, akarudi nayo kupigana, ikazama papo hapo. Wageni walikuwa wakinyamaza kimya, na mgeni akinyamaza hivyo, bakshishi haiko mbali.

Mwanzo haukuwa ulaghai, ulikuwa uvivu. Wakubwa wangu wa kazi walinirithisha habari mbili: ya Yusuf, na ya manowari iliyozama. Zote za Wareno, zote za bahari hiyohiyo. Nikazifunga kamba moja. Hadi siku moja ya mvua, wageni hakuna, nikaingia chumba cha makumbusho kujikinga na kusoma maelezo niliyoyapita kila siku. Mwaka wa manowari kuzama ulikuwa 1697. Nikahesabu, nikaona aibu.

Kwa maana habari ya Yusuf bin Hassan nilikuwa naijua. Baba yake aliuawa mwaka 1614, mtoto akachukuliwa Goa, akabatizwa Jerónimo, akalelewa na mapadri. Huko alitumikia mizinga katika meli za Wareno. Alirudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao, na tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Jeshi kutoka Goa lilimzingira kuanzia Januari hadi Machi 1632, likashindwa. Mwezi Mei aliondoka mwenyewe, na chombo alichoondokea ni meli ya Wareno aliyoiteka. Meli hiyo ilikuja kama adui, ikawa ya sultani anayehama, kisha ikawa ya haramia. Yusuf alionekana pande za Arabuni na Bukini, akafa mwaka 1638 upande wa Bahari ya Shamu.

Manowari iliyo chini ya ngome ni nyingine kabisa. Ni Santo António de Tanná, iliyoundwa India mwaka 1681, miaka 43 baada ya Yusuf kuzikwa. Ilikuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waomani, ikazama Oktoba 1697. Wapiga mbizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka Marekani waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980.

Tena ukweli ulikuwa na utamu wake, ningetaka kuutafuta. Imamu Sultan bin Saif alipoikomboa Maskati mwaka 1650, meli za Wareno zilizokuwa bandarini ziliangukia mikononi mwake, zikasaidia kujenga nguvu za Oman baharini. Nguvu hizo ndizo zilizokuja kuizingira Fort Jesus mwaka 1696 na kuitwaa Desemba 1698. Meli ya mateka ina kisa chake katika vita vile, ila si ile niliyokuwa nikiinyoshea kidole.

Haya yote niliyajua tangu siku ile ya mvua. Kesho yake jua likatoka, wageni wakaja, nikapanda ukutani nikasema yaleyale.

Ndipo akaja mwalimu wa historia kutoka Lubumbashi, mtu mpole, na daftari la karatasi za miraba mkononi. Wengine walipiga picha, yeye aliandika. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Papa, ile bato ilizamaka mwaka gani?"

Maelezo ya makumbusho yalikuwa hatua chache kutoka tuliposimama. Lakini ningesema 1697, angeuliza Yusuf aliishi miaka mingapi. Nikamjibu, "Mwaka 1632, mwalimu."

Akaandika, akapiga mstari chini yake, akanigeuzia daftari nimkagulie majina. Alikuwa ameandika "Youssouf", kama waandikavyo Kifaransa. Nikachukua kalamu yake, nikamwandikia "Yusuf" kwa herufi safi. Jina nililisahihisha, mwaka, uliokuwa pembeni yake, nikauacha. Akanishukuru kwa mikono miwili, akasema wanafunzi wake watafurahi.

Sikuchukua anwani yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka mipaka hadi Katanga, ikaingia darasani, na sina namna ya kuifuata. Ninachoweza nimekifanya: ukutani sasa nasimulia meli mbili, na mgeni akiuliza mwaka nisioujua, tunakwenda pamoja kusoma.

Mwalimu, kama maneno haya yatakufikia, nisamehe. Fungua daftari lako. 1632 ni mwaka Yusuf alioondoka na meli ya kuteka. Iliyozama mbele ya ngome ni Santo António de Tanná, tarehe 20 Oktoba 1697, na Yusuf hakuwahi kuiona. Ulipopiga mstari chini ya mwaka, piga mwingine juu yake, kisha uwaambie wanafunzi kwamba aliyekosea ni mimi.