Lori la Mjomba na Mlima wa Mueda

Wenzangu, wengi wenu mwajua kwamba kwetu ni Awasse, pale penye njia panda. Ukishika njia moja wafika pwani, Mocímboa da Praia. Ya pili yakupandisha Mueda. Ya tatu yaelekea kusini, Macomia hata Pemba. Kijiji kama hicho huishi kwa malori. Mwaka 2020 vita vilitutoa sote. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliitwaa Awasse tena mwezi wa Julai 2021, na watu wakarudi kidogo kidogo. Mali ya mjomba iliyosalimika ilikuwa lori lake tu, kwa kuwa siku zile lilikuwa Pemba.

Lori lenyewe ni Mercedes-Benz 1113, na umri wake wanizidi mara mbili. Injini yake yaitwa OM 352: silinda sita, lita 5.7, nguvu za farasi 130 lilipokuwa jipya. Hakuna kompyuta ya kupima mafuta. Pampu yake ni chuma kitupu, na fundi aweza kuitengeneza chini ya mwembe.

Likizo ya Desemba 2023 nalikuwa taniboi wa mjomba. Tulipakia saruji na mabati kwenda Mueda, tukarudi na mahindi na korosho. Mueda iko juu ya uwanda wa Wamakonde, yapata meta 800 juu ya bahari, na lori likifika kwenye mpando lilitambaa kwa gia ya kwanza hata watoto wakatupita kwa miguu wakicheka. Mimi niliona haya. (Haya hiyo ndiyo iliyotuponza.) Nikamwambia mjomba, “Mjomba, mbona usiiongeze nguvu? Kuna fundi asema ni kazi ya dakika kumi.” Mjomba alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema, “Wewe ndiwe msomi, mwanangu,” akakubali.

Fundi yule alivunja lakiri ya pampu, akazungusha skrubu ya kuzuia mafuta, basi. Siku ya kwanza ilikuwa furaha. Lori liliruka kama mbuzi, na moshi mweusi ukatufuata kama mkia. Mimi niliuona moshi ule nikadhani ndiyo nguvu.

Siku ya tatu tulipanda Mueda tukiwa na mzigo kamili. Mjomba, kwa kufurahia nguvu mpya, hakurudisha gia. Alikanyaga mpaka chini. Nusu ya mlima sindano ya joto ikapanda, rejeta ikachemka, kisha tukasikia mlio kama nyundo ndani ya debe. Tulipofungua, pistoni ya tano ilikuwa na tundu la kuingia kidole changu.

Tulilala njiani siku mbili. Mzee mmoja wa Mueda, aliyetengeneza injini za dizeli tangu ujana wake, ndiye aliyetusaidia. Hakutucheka. Aliniuliza tu, “Ulipoongeza mafuta, hewa uliiongeza kwa nini?” Nikanyamaza. Katika somo la kemia nimejifunza kwamba kilo moja ya dizeli yataka hewa kilo 14 na nusu hivi ili iungue yote, na injini yenyewe hutaka zaidi ya hapo, kwa kuwa mafuta na hewa havichanganyiki sawasawa ndani ya silinda. Hayo nilijibu vizuri kwenye mtihani! Mlimani sikuyakumbuka. Na huko juu hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo upungufu ulizidi. Mafuta yasiyopata hewa hutoka kuwa moshi, na moto huendelea kuwaka hata wakati wa kutolea moshi. Aluminiamu huyeyuka kwa digrii 660. Njia tambarare ukikanyaga kidogo joto hupoa. Mpandoni hukanyagi kidogo, wakanyaga nusu saa. Na ukiwa katika gia kubwa, injini yazunguka polepole, na pampu ya maji na feni nazo polepole.

Mjomba aliuza mbuzi wote kwa pistoni na kazi ya silinda. Karo yangu ilikuwa ndani ya mbuzi wale. Nyinyi mliodhani nimechelewa wiki tatu kwa homa, sasa mwajua.

Yule mzee alianza na vitu ambavyo sisi hatukuviangalia. Kichujio cha hewa kilijaa vumbi jekundu hata nuru haikupita. Nozeli mbili zilikuwa zikidondosha badala ya kunyunyiza. Akazipima upya, zikafunguka kwa bar 200 hivi. Akasawazisha nafasi za valvu, akarekebisha saa ya pampu, akaosha rejeta nje na ndani, akabana mkanda wa feni. Pampu ilipelekwa Pemba kupimwa kwenye mashine, silinda zote sita zipate sawa. Skrubu ilirudishwa mahali pake. Tulipopanda tena, tulipanda kwa gia ya pili na moshi ulikuwa ukungu tu. Nguvu ile yote ilikuwa yetu tangu zamani.

Mjomba alipouliza kama yaweza kuzidi, mzee alisema yaweza, kwa turbo, chombo alichokibuni Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905: moshi wazungusha gurudumu, nalo lasukuma hewa ndani ya silinda. Kiwandani injini hiyo hiyo ilitolewa pia na turbo, ikapita farasi 150. Lakini akaweka sharti: kwanza kipimo cha joto kwenye bomba la moshi, na dereva akubali kulegeza mguu sindano ikipita digrii 650, na asizime injini mara tu afikapo, ila aiache inguruume kidogo ili oili ipoze turbo.

Mjomba amekwisha kununua turbo kuukuu. Kipimo hajapata. Turbo imo katika gunia chini ya kitanda chake, na kila nikirudi nyumbani hunionyesha, kisha huifunga tena.