Taa ya Frigo Ikikonyeza, Hesabu Kwanza



Mwezi huu nataka tuongee juu ya frigo. Wengine wanaita friji, wengine jokofu, sisi tuliotoka Kongo tunasema frigo. Chombo ni kile kile. Hapa Kakuma, kwa hili joto, frigo si pambo la nyumba. Soda na maji baridi tunayouza ndiyo sabuni na madaftari ya watoto. Tena kwetu kuna jambo kubwa zaidi: humo ndani tunaweka insulini ya mama mkwe wangu na ya mzee mmoja jirani. Frigo ikizima, watu wawili wako taabuni.

Frigo yetu ni ndogo, ya sola na betri ya volti 12. Siku moja ilinyamaza. Nyuma, karibu na kompresa, taa ndogo nyekundu ilikuwa inakonyeza. Shemeji akasema gesi imeisha. Fundi akaja, akataja bei ya kujaza gesi, nayo ilikuwa sawa na faida yetu ya miezi miwili. Mke wangu akasema, "Baba watoto, ngojeni kwanza. Hii taa inasema kitu." Binti yetu akachuchumaa akahesabu: inawaka mara moja, inatulia, inawaka tena mara moja. Akafungua kitabu kilichokuja na frigo, akatusomea.

Kompresa nyingi ndogo za sola, zile zenye jina Danfoss au Secop na alama BD35 au BD50, zinasema hivi:

Mara 1: umeme wa betri hautoshi, au umezidi.
Mara 2: feni inakula umeme kupita kiasi.
Mara 3: mota imeshindwa kuanza.
Mara 4: mota inazunguka polepole mno, kazi imeizidi.
Mara 5: kile kisanduku cha umeme cha kompresa kimepata joto sana.

Angalieni vizuri, ndugu zangu: hapo hakuna alama ya gesi. Alama haisemi kila mara ni kitu gani kimekufa. Inasema kwa nini frigo imekataa kufanya kazi, ili isijiharibu au isimalize betri. Kwa hiyo tunaanza na kile kisicholipiwa.

Kwetu ilikuwa mara 1. Tukaondoa simu zote zilizokuwa zinachajiwa kwenye betri ile ile. Tukapanguza vumbi kwenye sola asubuhi, kabla haijapata moto. Kwenye kichwa kimoja cha betri kulikuwa na unga mweupe, na waya umelegea. Unga ule usishikwe kwa mkono mtupu, una asidi, na watoto wakae mbali. Tukazima, tukasafisha, tukakaza waya. Jua lilipopanda, betri ikajaa na frigo ikaanza kunguruma. Fundi hakulipwa gesi.

Ikikonyeza mara 5, isogezeni mbali na ukuta na jua, mfagie vumbi la nyuma, ipumue. Mara 3, zimeni, mngoje kidogo, mjaribu tena. Ikirudia, hapo fundi aitwe, naye aambiwe hesabu ya taa. Barafu msiichokoe kwa kisu; mkitoboa bomba, ndipo gesi itaisha kweli. Na mwenye frigo ya aina nyingine, inayoandika E1 au F2, asitumie orodha hii. Kila kiwanda kina alama zake, asome kitabu chake.

Sasa dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi zinakaa nje kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kama karatasi yake inavyosema. Isigandishwe hata siku moja, wala isilazwe juu ya barafu. Ikiganda, haifai tena. Siku ile, mke wangu alichukua mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, akaiweka kivulini penye upepo. Dawa akaifunga kwenye nailoni, ndani. Hewa ya huku ni kavu, mtungi unapoa kweli. Si sawa na frigo, lakini ni afadhali kuliko joto la bati. Kesho yake tukaipeleka kliniki waiangalie kabla ya kudungwa.

Maziwa na nyama, frigo ikizima, mlango usifunguliwe ovyo. Baada ya kama saa nne, vitu hivyo visiaminiwe kwa kunusa tu.

Basi wazazi, andikeni alama za frigo yenu kwenye karatasi, kwa Kiswahili, mbandike ukutani. Mfundishe watoto kuhesabu ile taa. Siku baba na mama hawapo nyumbani, mtoto ndiye atakayeokoa dawa ya bibi yake.