Kitabu Kilichoazimwa Mara Mbili

Muhula uliopita tulikwenda maktabani watano, tumefura kwa hasira. Tulikuwa tumeomba riwaya kumi za Kiswahili, tukajibiwa kwamba wasomaji wake ni wachache mno. Tukaona lugha yetu imedharauliwa.

Mkutubi wa vitabu vya Afrika alitukaribisha, akatugeuzia kompyuta yake. *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999, ilikuwa imeazimwa mara mbili tu katika miaka mitano. Tulitazamana. Klabu nzima tumeisoma, na tumegombana usiku kucha juu ya Yasmini. Lakini tuliisoma vipi? Mmoja wetu aliiazima, akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akazituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Maktaba haikutuona.

Alitueleza kwamba vitabu vingi vya Kiingereza huja kama vinavyojileta. Maktaba hukubaliana na wauzaji wakubwa, ikataja masomo na viwango inavyovitaka, na vitabu vinavyolingana navyo huletwa bila mtu kuviomba kimoja kimoja. Vitabu vinavyochapishwa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar mara nyingi havimo katika orodha hizo. Sharti mtu avitafute. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, na ofisi hiyo huvinunulia pia vyuo vilivyojiunga na mpango wake. Hata hivyo, chuo ndicho kinacholipa, na mkutubi anayeomba fedha huulizwa: nani anavisoma?

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa uchungu kama lugha ya mamilioni ya watu inapimwa kwa muhuri wa kuazima. Mkutubi alikiri kwamba kipimo hicho kina kasoro, ila bajeti haisomi mioyo. Akaongeza kwamba kitabu kisichoguswa kwa muda mrefu huweza kuhamishiwa ghalani, nje ya chuo. Ndipo tulipoiwazia rafu yetu, ile ya namba PL8701 hadi PL8704, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekuja kuitafuta akakuta Kiswahili hakipo.

Asiyekuwapo na lake halipo. Tulitoka mle hasira imetuisha, imebaki aibu.

Sasa kila anayesoma huazima. Fomu za kuomba kitabu tunazijaza kikamilifu: jina la mwandishi, mchapishaji, mwaka, na somo litakalokitumia. Walimu wetu nao tunawaomba waviweke vitabu hivi katika mihutasari ya kozi zao, kwa kuwa ombi la mwalimu lina uzito kuliko letu. Mwezi huu tumepeleka fomu nne, majibu bado.

Na wewe uliyekaa na *Vuta N'kuvute* tangu Oktoba, tafadhali irudishe. Watatu wameandikisha majina kuingoja, na safari hii maktaba inatuona.